BANGILI YA MAMA NA MIKATE YA NYAMA

Katika nyumba nyingi za nchi yetu kuna kijaluba kilichofichwa chini ya sanduku la nguo. Ndani yake mna pete, kipini, jozi ya hereni au bangili. Vitu hivyo havivaliwi kila siku. Hata hivyo nyumba ikishika moto, hicho ndicho atakachokikimbilia mwenyewe baada ya kuwatoa watoto. Leo napenda kueleza habari ya bangili mbili za dhahabu, na jinsi moja kati yao ilivyogeuka kuwa unga, hamira na nyama ya ng'ombe.

Bangili hizo zilikuwa za bibi, mzaa mama. Aliolewa mwaka 1968, na babu alimpa jozi hiyo kuwa tunu ya arusi, kazi ya sonara mmoja wa Kihindi mjini Jinja. Mwezi wa Agosti 1972, serikali ya Idi Amin ilipowapa Waasia siku 90 kuondoka nchini Uganda, sonara yule naye alifunga duka lake akaenda zake. Tangu siku ile bibi hakuwa na mtu wa kumsafishia bangili zake wala wa kuzinyoosha zilipopindika. Alizisugua mwenyewe kwa maji ya sabuni na kitambaa laini, akazihifadhi mpaka siku ya kumkabidhi mama yangu.

MASHAURI YA NYUMBANI

Baba alikuwa askari. Alifariki kwa maradhi mwaka 2000, akamwacha mama na watoto wanne. Tuliondoka kambini tukapanga chumba kimoja mjini. Mwaka 2002 nilifaulu kuingia shule ya sekondari, na ndipo suala la ada lilipobisha hodi. Mjomba alikuja, akaketi, akasema, "Dada, uza bangili zote mbili. Mtoto aingie shule, tumalize maneno."

Mama hakujibu upesi. Aliinamisha kichwa, kisha akasema, "Kaka yangu, fedha hizo zitalipa ada ya mwaka mmoja. Mwaka wa pili ukifika, nitauza nini? Na hawa watatu wanaomfuata?"

Maneno yale yalikuwa mazito. Kuuza kitu cha kurithi ni kama kukata mti wa matunda: kuni utazipata, lakini msimu ujao hutavuna. Mama aliazimia kwamba iwapo dhahabu itatoka, basi igeuke kuwa kazi. Alikuwa anajua kuoka. Kambini, ambako wanawake wa makabila mengi waliishi pamoja na Kiswahili kikawa lugha yao, alikuwa amejifunza kwa jirani namna ya kuoka mikate midogo ya mviringo, ile ambayo wengine huiita skonzi.

SONARA NA MIZANI

Mfanyabiashara wa kwanza, ambaye sina haja ya kumtaja, aliipindua bangili mara mbili, akadai kuwa ni shaba iliyopakwa rangi. Akataja bei ya jozi ya viatu. Mama akanyosha mkono, akamwambia, "Basi, mwanangu, kama ni shaba, nirudishie shaba yangu."

Wa pili alikuwa sonara mzee mjini Kampala. Huyo aliikwaruza bangili kidogo juu ya jiwe jeusi, akadondosha tindikali juu ya alama ile, nayo haikufutika. Kisha alimwonyesha mama tarakimu ndogo zilizochongwa upande wa ndani: 916. Hapa inafaa msomaji aelewe, kwani wengi hudanganywa kwa kutojua. Dhahabu tupu huhesabiwa kuwa sehemu 24. Tarakimu 916 maana yake ni sehemu 916 za dhahabu katika 1,000, yaani ile iitwayo karati 22. Tarakimu 750 ni karati 18, na 375 ni karati 9. Aidha, dhahabu tupu ni nzito kuliko maji mara 19 na zaidi, hali shaba ya njano haifiki mara tisa. Kwa hiyo mkono uliozoea huweza kushuku kabla ya jicho. Lakini usitegemee sumaku peke yake, maana dhahabu hainaswi na sumaku, na shaba vilevile hainaswi.

Sonara yule aliipima bangili mbele ya macho ya mama, kisha akauliza, "Mama, unauza kwa njaa au kwa kazi?"

"Kwa kazi, baba."

"Basi uza moja. Ya pili irudi nyumbani."

Na ndivyo ilivyokuwa. Bangili moja ililipa sehemu ya ada, ikanunua gunia la unga wa ngano, sufuria kubwa yenye mfuniko mzito, makaa, na nyama ya siku ya kwanza.

NAMNA YA KUOKA

Kwa kilo moja ya unga, mama alitumia vijiko vitatu vya chai vya hamira ya chembechembe, vijiko vinne vya chakula vya sukari, vijiko vitatu vya chai vya chumvi, gramu 80 hivi za siagi au mafuta, na maji ya vuguvugu kadiri ya mililita 600. Maji yawe na joto ambalo kidole hulivumilia bila taabu. Hamira ni kiumbe hai: hula sukari na kutoa hewa inayoumua unga, ukiimwagia maji ya moto, umeiua, na mkate utakuwa jiwe.

Unga hukandwa kwa dakika kumi au kumi na mbili, mpaka donge liwe laini na livutike bila kukatika upesi. Hufunikwa kwa kitambaa kibichi na kuachwa mahali penye joto kwa muda wa saa moja hivi, hadi lifikie ukubwa wa maradufu. Ndipo hukatwa vipande 16, vikafinyangwa mviringo, vikaachwa tena nusu saa. Katika jiko lenye kipimo, joto la digrii 190 hadi 200 kwa dakika 20 latosha. Sisi hatukuwa na jiko hilo. Mama alitandaza mchanga ndani ya sufuria, akaweka sinia juu ya mchanga, akafunika, kisha akapanga makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko. Makaa yakizidi chini, mikate huungua tumbo na kubaki mibichi kichwani.

Nyama ilikuwa mnofu wa ng'ombe, uliochemshwa taratibu pamoja na tangawizi, kitunguu saumu na ndimu kwa muda wa saa mbili au zaidi, hadi ukachambuka kwa uma. Kisha ulikaangwa kwa vitunguu, nyanya na pilipili hoho mpaka mchuzi ukakauka, ili usilowanishe mkate. Nyama iliyopikwa isikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Kwa hiyo mama alipika kidogo kidogo alfajiri, akauza ingali moto karibu na kituo cha mabasi. Kabla ya saa nne asubuhi kapu lilikuwa tupu.

SIKU BANGILI ILIPOPOTEA

Kila alipokanda, mama alivua bangili iliyosalia na kuiweka dirishani. Unga hujificha katika nakshi, na chini ya pete au bangili hukaa uchafu ambao kunawa mikono hakuuondoi. Asubuhi moja alimaliza kuoka, akanyosha mkono dirishani: hapana kitu.

Tulitafuta chini ya meza, ndani ya gunia, hata katika majivu. Mwishowe mama akaitazama mikate 48 iliyokuwa imekwisha iva. Kulikuwa na hatari kwamba bangili imeanguka ndani ya donge. Mjomba alishauri mikate iuzwe tu, maana watu wanangoja. Mama akakataa. "Mtu akivunjika jino kwa mkate wangu," alisema, "nitamlipa kwa dhahabu gani?" Basi tukaikata mikate yote, mmoja baada ya mwingine, hadi karibu na ukingo. Bangili haikuwamo. Kwa bahati, mikate ile ilikuwa ya kukatwa na kutiwa nyama, hivyo hasara yetu ilikuwa ni kuchelewa tu. Tuliporudi sokoni mchana, tulimkuta mdogo wetu wa mwisho amelala usingizi, na bangili imepanda mpaka kwenye kisugudi chake.

FUNZO

Miaka ilipita, nami nikaingia chuo cha maafisa makadeti. Siku ya kwanza ya mazoezi ya vizuizi, mkufunzi aliamuru, "Vueni pete na saa zote!" Mwenzangu mmoja alinung'unika kuwa pete yake ni ya ndoa. Mkufunzi akaeleza kwamba askari arukapo kutoka juu ya lori, pete ikinasa penye chuma, yaweza kuondoka na ngozi ya kidole, na wakati mwingine kidole chenyewe. Nilikumbuka dirisha la mama. Heshima ya pambo haipungui kwa kuvuliwa wakati wa kazi.

Ndugu zangu watatu wote walisoma kwa mikate ile. Dada yetu, yule aliyelala na bangili, aliivaa siku ya arusi yake, na sasa ni mali yake. Ile ya kwanza hatujui iko mkononi mwa nani. Pengine imekwisha yeyushwa ikawa pete ya mtu mwingine. Mama hajawahi kuililia. Wahenga walisema akiba haiozi, na kweli haiozi. Lakini mwenye akiba hana budi kujua uzito wake, alama yake, na kazi atakayoituma siku itakapotoka sandukuni.