MOTOKARI NDOGO YENYE KUPANDA MLIMA

Katika toleo hili tunapenda kuwaelezea juu ya kazi moja ambayo wengi wanaiita mchezo wa watoto, ndiyo kutengeneza motokari ndogo zenye moteri. Kuna wanaozijenga kwa matofali ya plastiki ya Ulaya. Wengi wetu tunazitengeneza kwa makopo, mbao na waya. Njia ni mbili lakini swali ni moja, na hapa Bukavu hakuna anayeweza kulikimbia: namna gani itapanda?

Maana mji wetu hauna tambarare nyingi. Ukitoka Nyawera kwenda Kadutu unapanda, ukirudi upande wa ziwa unateremka. Motokari iliyokimbia vizuri juu ya saruji ya darasa, ukiipeleka njiani inalia dzzz, inasimama, moteri inapata moto na pile zinakwisha. Hapo mwenyewe anasema: "Hii moteri haina nguvu, nitafute ingine kubwa." Mara nyingi si kweli. Nguvu iko, lakini yote imekwenda katika mbio.

Muangalie shofere wa Fuso anayetoka Kamanyola na mzigo, akipanda Ngomo. Haongezi moteri ingine njiani! Anaweka vitesi ya kwanza. Moteri inazunguka sana, magurudumu yanazunguka kidogo, na lori inapanda polepole kama mzee anayekwenda kanisani, lakini inafika. Motokari yetu ya mezani inapashwa kufanya vile vile. Tofauti ni kwamba yenyewe haina shofere wa kubadilisha vitesi, kwa hiyo ni sisi kuichagulia vitesi mbele ya kuijenga. Na kuchagua huko ni hesabu, si bahati.

Tuanze na yale matofali ya plastiki, kwa sababu yanaonyesha jambo hili wazi kuliko kitu kingine. Yalitoka Billund, mji mdogo wa Denmark, ambako seremala mmoja, Ole Kirk Kristiansen, alianza kutengeneza vitu vya kuchezea vya mbao mwaka 1932. Jina LEGO alilichagua mwaka 1934. Limetokana na maneno mawili ya Kidenmark yenye maana "cheza vizuri". Tofali la namna tunayoijua, lenye vifundo juu na mirija ndani, liliandikishwa tarehe 28 Januari 1958, na hata leo tofali la mwaka ule linashikana na lile lililotoka kiwandani juzi. Mwaka 1966 wakatoa treni yenye moteri ya volti 4.5. Mwaka 1977 wakaleta namna mpya, ile ambayo baadaye iliitwa Technic, yenye matofali marefu yaliyotobolewa pembeni, fito, na magurudumu ya meno. Hiyo ndiyo inayotuhusu.

Magurudumu ya meno yanayotumika zaidi ni la meno 8, la meno 24 na la meno 40. Ukiweka la 8 kwenye moteri na lile la 40 kwenye ufito mwingine, dogo litazunguka mara 5 ili kubwa lizunguke mara 1. Mbio inagawanyika kwa 5, na nguvu ya kuzungusha inazidishwa kwa 5, ukitoa kidogo kinacholiwa na msuguano. Ukirudia tena, yaani kwenye ufito ule wa pili uweke dogo la 8 lisukume kubwa lingine la 40, unapata 5 mara 5, ndiyo 25. Hatujumlishi, tunazidisha. Hapa wengi wanasema 10, kwa hiyo tafadhali musome sentensi hii mara mbili.

Sasa tuweke hesabu kamili. Tuseme moteri inazunguka mara 6.000 kwa dakika, jambo la kawaida kwa moteri ndogo za namna hii, na gurudumu la motokari lina upana wa sentimeta 4. Mzunguko mmoja wa gurudumu ni sentimeta 12 na nusu hivi. Kama moteri imeshikwa moja kwa moja na gurudumu, kwenye karatasi motokari ingekwenda zaidi ya meta 750 kwa dakika, ndiyo kilometa 45 kwa saa. Kitu cha kilo moja, chenye pile mbili, kikimbie kama pikipiki za taxi! Haiwezekani. Ndiyo maana inalia tu na kusimama. Lakini ukiweka ule mgawanyo wa 25, magurudumu yanazunguka mara 240 kwa dakika, na motokari inakwenda meta 30 kwa dakika pasipo mzigo. Ikipanda mlima itapungua, labda nusu yake. Ni mwendo wa mtoto anayejifunza kutembea. Unatosha kabisa.

Na mlima unadai nguvu gani? Kwanza pima mteremko. Chukua ubao wa meta 1, weka mwisho mmoja chini upande wa juu wa njia, inua mwisho wa pili mpaka ubao umelala sawa (chupa ya maji iliyojaa nusu, ikilazwa juu ya ubao, itakuonyesha), halafu pima kwa rula toka ubao mpaka chini. Ukipata sentimeta 15, mteremko ni 15 kwa 100. Motokari ya gramu 1.000 juu ya njia hiyo inavutwa nyuma kwa uzito wa gramu 150 hivi. Gurudumu la upana wa sentimeta 4 lina nusu-upana wa sentimeta 2. Zidisha 150 kwa 2, unapata 300. Hiyo 300 ndiyo kazi inayodaiwa kwenye gurudumu. Ukiigawanya kwa 25, kwenye moteri inabaki 12. Msuguano nao unakula. Sisi tunauhesabia theluthi moja, kwa hiyo tuseme moteri itoe 18.

Basi namna gani kujua kama moteri yako inaweza kutoa 18? Hapa hakuna haja ya laboratwari. Bandika kijigurudumu chenye upana wa sentimeta 1 kwenye ncha ya moteri, funga uzi, na kwenye uzi tundika mfuko mwepesi wa plastiki. Tia maji ndani kwa bomba la sindano, kwa sababu limeandikwa mililita, na mililita 1 ya maji ni gramu 1. Endelea kuongeza mpaka moteri ishindwe kuinua. Tuseme imeshindwa kwa mililita 80. Nusu-upana wa kijigurudumu ni nusu sentimeta, kwa hiyo 80 mara nusu ni 40. Moteri yako ni ya 40 na mlima unadai 18: itapanda. Lakini kama ingeshindwa kwa 40, ungepata 20, na 20 juu ya 18 haitoshi, hata kama inaonekana kutosha. Moteri inayofanya kazi karibu na mwisho wa nguvu yake haizunguki vizuri, inakula pile na inaungua. Iwe na uwezo mara mbili ya kile kinachodaiwa. Kama hauna, usikimbilie kununua moteri ingine. Ongeza hatua ya tatu, la meno 8 kwa la meno 24, na mgawanyo wa 25 unakuwa 75. Motokari itakwenda polepole zaidi, meta 10 kwa dakika, lakini moteri ile ile iliyodharauliwa itapanda.

Tunajua mutatuuliza: matofali hayo sisi tutayapata wapi? Swali la haki. Kwetu ni haba, na yakionekana bei yake si ya mwanafunzi. Mara ingine yanafika ndani ya sanduku la zawadi, yamechanganyika, moteri hakuna. Lakini hesabu haijali plastiki. Watoto wa Kivu wamejenga motokari za waya na makopo tangu zamani, zenye usukani mrefu wa kuongozea kwa kusimama, na mpaka Malawi wanazifanya na kuziita galimoto. Huko Goma watu wazima wamefanya chukudu ya mbao nzima nzima, nayo inabeba mamia ya kilo. Mji ukaisimamishia hata sanamu. Kwa hiyo mikono tunayo. Kinachokosekana ni moteri na meno.

Moteri utaitoa ndani ya DVD iliyokufa. Ile inayofungua na kufunga sahani ni nzuri sana, na mara nyingi inakuja pamoja na mkanda wa mpira na magurudumu mawili matatu ya meno. Imprimante iliyoharibika ni hazina. Saa ya ukutani ina meno mengi mazuri ya kutazama, lakini ni membamba, yanavunjika, muyaache. Radio-kaseti za zamani nazo zina moteri, ila nyingi zimefungiwa kidhibiti ndani ili zizunguke kwa mwendo mmoja, kwa hiyo usishangae ukiongeza volti na mwendo usibadilike.

Ukikosa meno, tumia mkanda. Bandika vifuniko viwili vya chupa mgongo kwa mgongo (vya Fanta, hatusemi vya kinywaji kingine), utapata gurudumu lenye mfereji katikati ambamo elastiki inaweza kupita. Hapa badala ya kuhesabu meno unapima upana: kijigurudumu cha sentimeta 1 kwa kile cha sentimeta 5 ni mgawanyo wa 5. Mkanda una tabia moja ambayo wengine wanailaumu na sisi tunaisifu: motokari ikikwama, mkanda unateleza, na moteri haiungui. Kwa hatua ya kwanza, ile iliyo karibu na moteri ambako mbio ni kubwa na nguvu ni ndogo, mkanda ni bora kuliko meno. Kwa hatua ya mwisho, karibu na gurudumu, mkanda utateleza kila mara. Hapo weka meno.

Sasa juu ya kiunzi, kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinaharibika. Magurudumu ya meno yakifanya kazi yanasukumana, yanataka kuachana. Kiunzi kikilegea, meno yanaruka, trrr, yanakwisha. Wale wa Billund walipanga matundu yao kila milimeta 8, na wakachonga meno kwa kipimo hicho: la 8 na la 24 yanakutana sawasawa fito zikiwa mbali kwa milimeta 16, la 8 na la 40 kwa milimeta 24. Hakuna kukisia. Tena, kama unajenga kwa kupandisha matofali, yafunge kwa tofali refu la matundu lililosimama wima. Tofali moja na vibamba viwili juu yake vinafanya milimeta 16 kamili, kwa hiyo matundu yatalingana na kipini kitaingia. Pasipo kifungo hicho, matofali yanaachana kwenye mwamba wa kwanza.

Kwa mbao fanya hivi. Mbavu mbili za kiunzi uzipigilie pamoja kwa misumari midogo, uzitoboe kwa mara moja kama ubao mmoja, halafu uzitenganishe. Matundu yatatazamana. Anayetoboa upande mmoja leo na mwingine kesho, fito zake zitalala upande na msuguano utakula nguvu yote kabla ya mlima kuona chochote. Spoki ya baiskeli inafaa kuwa ufito; kipande cha mrija wa biki kikitiwa ndani ya tundu kinaifanya izunguke laini.

Magurudumu yenyewe katueni kwenye kandambili zilizochakaa, na kwa yale yanayosukuma mzungushie mpira wa ndani wa baiskeli. Moteri ipeleke nguvu nyuma, na pile ziwekwe nyuma pia, karibu na magurudumu hayo, kwa maana katika kupanda uzito unaegemea nyuma. Lakini zisipite nyuma ya ufito, ao motokari itainua pua na kupinduka.

Kuna shida moja ya kona. Gurudumu la nje linatembea njia ndefu kuliko la ndani, na yote mawili yakifungwa kwenye ufito mmoja, moja linapashwa kuteleza. Motokari kubwa zina diferansieli kwa ajili hiyo. Njia rahisi ni kufunga gurudumu moja tu na kuacha lingine huru. Itakata kona vizuri, lakini itapanda kwa gurudumu moja, na kwenye udongo wa mvua halishiki. Sisi tunachagua kufunga yote mawili na kuvumilia kona. Wengine katika kundi letu hawakubali, na mabishano yanaendelea.

Neno la mwisho ni pile. Pile za volti 1.5, mbili kwa mstari, zinatoa volti 3 na zinatosha kwa moteri nyingi za DVD. Wengine wanatumia batri za simu zilizochoka. Hizo ni za volti 3.7, zina nguvu, na zina hatari: nyaya zake mbili zikigusana ao ikitobolewa na musumari, inaweza kuwaka. Iliyovimba usiitumie kabisa. Na hakuna pile ya kutupwa ziwani ao ndani ya choo; muziweke katika kopo lenye kifuniko, mbali na mvua.

Wenye kutaka kupima moteri zao waje Jumamosi baada ya usafi. Uzi, mifuko na bomba la sindano tunavyo. Kila mtu alete maji yake.