Kunasa Sauti za Ngoma: Ubora au Wepesi wa Kubeba?

Kijiji cha Ikombe, kinachojulikana kwa vyungu vya Wakisi, kiko ufukoni mwa Ziwa Nyasa, chini ya Milima ya Livingstone, karibu na Matema wilayani Kyela. Wageni wake huja kwa mtumbwi au kwa miguu. Mtu anayekwenda mahali kama hapo kunasa nyimbo za wazee hukabiliwa na swali la fizikia na la uchukuzi kwa pamoja: je, achukue chombo kinasacho sauti kwa ukamilifu, au kile kinachotosha mfukoni?

Sauti inahitaji nini?

Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo kuanzia 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Mngurumo wa ngoma kubwa umo katika mitetemo ya chini. Lakini mlio wa kijiti kinapogonga ngozi, mlio wa njuga, na sauti za "s" na "sh" katika maneno ya wimbo, zina mitetemo mingi ya juu. Mitetemo hiyo ikipotea, ngoma husikika kama imefunikwa blanketi, na maneno ya mwimbaji huwa magumu kutambuliwa.

Utepe wa sumaku

Hugh Tracey aliponasa muziki wa Tanganyika mwaka 1950, mitambo yake ilisafirishwa kwa gari pamoja na jenereta. Mwaka 1958 kilitokea nchini Uswisi chombo cha Nagra III, kilichotumia betri kubwa 12 na kubebwa begani. Mzigo wa lori ukawa mzigo wa mtu mmoja.

Vyombo hivyo hutumia utepe wa plastiki uliopakwa unga wa oksidi ya chuma. Kila mtetemo huacha alama ya sumaku, na urefu wa alama hiyo hupatikana kwa kugawanya mwendo wa utepe kwa idadi ya mitetemo. Utepe ukienda sentimeta 38 kwa sekunde, mtetemo mmoja kati ya 10,000 hupata nafasi ya milimeta 0.038. Katika kaseti, iliyotolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963, utepe huenda sentimeta 4.76 tu kwa sekunde. Nafasi hiyo hupungua hadi milimeta 0.0048. Tena utepe wa kaseti ni mwembamba zaidi. Hivyo mitetemo ya juu hufifia, na mchakacho wa utepe wenyewe husikika.

Lakini mwendo wa kasi una gharama yake. Gurudumu la utepe la sentimeta 18, lenye meta 366, huisha kwa dakika 16 katika mwendo wa sentimeta 38. Ngoma ya saa nne ingehitaji magurudumu 15, ilhali kaseti nne za dakika 60 zingetosha. Kwa sababu hiyo kaseti ilifika vijijini ambako mitambo mikubwa haikufika.

Bonde la Kyela lina tatizo jingine. Mvua huzidi milimeta 2,000 kwa mwaka, na joto ni kali. Unyevu huotesha ukungu juu ya utepe na kudhoofisha gundi inayoshika oksidi, iwe ni kaseti au gurudumu.

Sauti kuwa namba

Vyombo vya kidijiti hupima wimbi la sauti mara nyingi kwa sekunde na kuandika kila kipimo kama namba. Idadi ya vipimo lazima izidi maradufu ya mitetemo ya juu inayotakiwa. Sahani ya CD, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, hutumia vipimo 44,100, hivyo huhifadhi sauti zote ambazo sikio husikia. Saa moja huchukua megabaiti 635 hivi. Mfumo wa MP3, katika kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde, huipunguza hadi 58 kwa kutupa sauti ambazo sikio halizitambui kwa urahisi.

Simu nyingi zina mfumo wa AMR, uliotengenezwa kwa ajili ya mazungumzo. Huo hupima mara 8,000 tu. Kwa hiyo hakuna mtetemo unaozidi 4,000 unaobaki. Aidha, simu nyingi hujipunguzia sauti zenyewe: ngoma inapolia kwa nguvu, sauti ya bibi anayeimba kando yake huzama.

Uchaguzi

Mizani ya zamani sasa imebadilika. Kinasa sauti kidogo cha leo, kinachopima mara 48,000 kwa biti 24 katika njia mbili, hutumia gigabaiti moja hivi kwa saa. Kadi ya gigabaiti 32 hutosha saa 30. Aliye na simu tu achague kiwango cha juu kabisa inachokiruhusu, aiweke mbali kidogo na ngoma na karibu na mwimbaji.

Nakala ndogo ya kusambaza inaweza kutolewa wakati wowote kutoka katika nakala kamili. Kinyume chake hakiwezekani: mtetemo ambao haukunaswa haurudishwi na mtambo wowote. Hata hivyo, chombo bora kilichobaki nyumbani hakinasi chochote, na mzee aliyeimba leo huenda asiwepo msimu ujao.

Zoezi: Wanafunzi wanase wimbo mmoja wenye makofi kwa viwango viwili vya simu moja, kisha waandike maneno wanayoyasikia katika kila kimoja. Tofauti iko wapi, na kwa nini?