Nduthi Nyepesi, Mkono Mzito

Kila tarehe 14, EPRA wakiachilia bei mpya ya mafuta, steji za nduthi Nairobi hugeukanga bunge. Huyu analaumu serikali, yule analaumu dola, mwingine anaapa Boxer yake imeanza kunywa ovyo. Ule mwezi wa kumi 2023, petroli ilipogonga 217.36 kwa lita hapa Nai, hiyo bunge ilikaa hadi usiku. Lakini sijawahi skia msee akilaumu mkono wake wa kulia, na huo ndio huvuta mafuta.

Tupige hesabu ya steji. Boxer 150 ama TVS 125 imetunzwa fiti, kwa hizi barabara zetu, inaweza kukupeleka kilomita 50 hivi na lita moja. Ukiiendesha na hasira, vuta, breki, vuta tena, inashuka hadi 40. Sema unafanya kilomita 120 kwa siku. Msee wa 50 anachoma lita 2.4, wa hasira anachoma lita 3. Tufanye lita ni 180: hapo soo na kitu imeishia hewani kila siku. Kwa siku 26 za kazi ni kama thao mbili na soo nane, na mwenye nduthi bado anangoja ganji yake jioni.

Sasa cheki venye hiyo ganji hupotea. Boxer inacheza kwa kilo 110 hadi 120, yaani wewe na kastoma wako mkijumlishwa mnaizidi. Kwa mtaa, ni hiyo kuinua huu mzigo wote kutoka sufuri kila bampu ndio hukula tangi. Ukishika barabara kubwa, adui anakuwa upepo. Ukitoka 40 ukafika 80, nguvu ya hewa kukurudisha nyuma haidabo, inakuwa mara nne. Na breki ni hivyo hivyo: ule umbali unahitaji ndio usimame unakuwa mara nne, hata kabla uhesabu ile sekunde ya kushtuka. Kwa hivyo ile spidi inakumalizia mafuta ndio hiyo hiyo inakumalizia nafasi, siku mathree inakukatia mbele bila indiketa.

Na ndio maana mimi na mwavuli wa nduthi haziivi. Najua, mvua ya Aprili haina adabu, jua la Januari nalo linachoma, na kastoma anapenda kivuli. Lakini hebu iangalie hiyo kitu vizuri. Vyuma vimefungwa mbele kwa hendobari, turubai imevutwa hadi nyuma ya kichwa cha abiria, kando zote ziko wazi. Hilo ni tanga la dau, tofauti ni dau lilitengenezwa lisukumwe na upepo. Panda nayo Thika Road, trela ikupite na mwendo. Kwanza itakusukuma nje, alafu ikimaliza kupita inakuvuta ndani. Nduthi bila mwavuli inatikisika, unairekebisha, life inaendelea. Yenye mwavuli inahama leni bila kukuuliza. Kwa mtaa, mwendo wa 30, sawa, jifunike. Lakini kuiburuta kwa haiwe siku mzima ni kulipia turubai petroli, na hiyo ni bei ya usoni tu.

Kuna ujanja mwingine wa kusevu hunikasirishanga hata zaidi: kuzima injini kwa mteremko. Msee anatoka Westy saa nne usiku, anashuka Museum Hill, anazungusha ufunguo, anateleza tu. Anaona ameomoka. Manze, hayo ni matone! Injini haimshikii mwendo tena, kwa hivyo hizo breki za drum zinabeba kazi yote, na zikishika moto zinalegea. Alafu nduthi nyingi ndogo, injini ikizima, taa ya mbele inaenda nayo. Mathe anavuka barabara, haskii kitu, haoni kitu.

Chapaa ya ukweli iko kwa vitu za kuboesha. Tairi ipimwe upepo asubuhi kabla ipate moto. Ikiwa chini inakunywa mafuta na inateleza kwa kona. Choki ukiisahau imevutwa, unachoma petroli bure hadi Githurai. Filta ya hewa ikijaa vumbi la mjengo, injini inakosa pumzi. Cheni nayo ipewe oili, na ikae na mchezo wa sentimita mbili ama tatu hapo katikati: ikikazwa sana inamaliza bering, ikilegea inaweza ruka ikafunga tairi ya nyuma ukiwa kwa spidi. Fundi wa steji anafanya hizo zote ukimaliza chai.

Breki ya mbele wasee wengi wanaiogopa, eti itawarusha. Lakini ukibreki uzito unahamia mbele, kwa hivyo hiyo ndio hufanya kazi kubwa. Finya zote mbili mdogo mdogo, nduthi ikiwa imenyooka. Kwa murram na matope, ya mbele iguse tu.

Helmeti sitaongea sana. Shirika la Afya Duniani limetoa hesabu: ikivaliwa vizuri inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Ikivaliwa kichwani, mkanda umefungwa. Haisaidii kitu ikining'inia kwa kiwiko. Na sheria inataka abiria pia avae, abiria mmoja, sio familia. Manzi ameshona nywele jana hataki helmeti ya kila mtu, na simlaumu, zingine zinanuka. Beba boshori yako ama kitambaa uvae ndani.

Kabla upande, inama kidogo ucheki tairi ya nyuma. Ukiona meno yameisha na nyuzi zimeanza kuchungulia, mwambie dere kuna beshte unamngoja, rudi nyuma kiasi, uite ile nduthi ingine.