SOKO LA SAMAKI: Kipima kina huonyesha mwangwi, si gunia

Mfanyabiashara wa Bashay anayeuza dagaa au sangara mkavu hutazama zaidi bei ya gunia. Lakini siku akialikwa kuweka fedha zake katika boti ya uvuvi, huenda akatajiwa kipima kina, yaani mashine ya kuona samaki. Kabla ya kufungua mkoba, ni vyema aelewe mashine hiyo inasema nini na haisemi nini.

Mashine hutuma mlio kuelekea chini ya boti. Majini mlio husafiri karibu mita 1,500 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde 0.04, mlio umesafiri mita 60 kwenda na kurudi. Hivyo kina ni mita 30.

Mstari mzito wa chini kwenye kioo ni sakafu ya ziwa. Mwamba hutoa mstari mkali, na pengine mstari wa pili kwenye kina mara mbili. Huo wa pili ni mwangwi uliorudia, si sakafu nyingine. Tope hutoa mstari hafifu.

Samaki mmoja akipita chini ya boti inayotembea huchora upinde, kwa sababu anapoingia na kutoka pembeni yuko mbali zaidi kuliko anapokuwa katikati. Boti ikisimama na samaki akatulia, alama huwa mstari mrefu. Kwa hiyo mstari mrefu si samaki mrefu.

Kundi la dagaa huonekana kama wingu. Hapa ndipo mwekezaji anapoweza kuumia. Sehemu kubwa ya mwangwi wa samaki hutoka kwenye kibofu chake cha hewa, lakini mapovu na viluwiluwi vya mbu wa ziwani wenye vifuko vya hewa nao huchora wingu.

Jambo jingine ni upana. Mlio hutawanyika kama pia iliyopinduliwa. Kwa mashine ya nyuzi 20, kwenye kina cha mita 40, ambacho ndicho wastani wa Ziwa Victoria, mashine huona eneo la upana wa mita 14 hivi. Katika ziwa la kina kifupi kama Babati, kwenye mita 4, huona mita 1.4 tu. Aidha, perege hupenda majani ya kando na kambare hulala karibu na tope, ambako mwangwi wake humezwa na ule wa sakafu. Huko kamba yenye jiwe hupima kina kwa gharama ndogo.

Hata wataalamu hawategemei kioo peke yake. Utafiti wa samaki wa Ziwa Victoria kwa njia ya mwangwi, uliofanywa kuanzia mwaka 1999, uliambatana na kutupa nyavu ili kujua ni samaki gani hasa walio chini.

Ushauri kwa mwekezaji mdogo: ukionyeshwa kioo kilichojaa alama, omba pia daftari la mauzo la miezi kadhaa, ya msimu mzuri na mbaya. Uliza ziwa lina kina gani na nani ataisoma mashine hiyo usiku. Faida huhesabiwa mwaloni, kwenye mizani.