Vikwazo vya Burundi na meza ya Arusha: nini hasa kilimaliza vita?

Kila mapigano yanapopamba moto mashariki mwa Kongo, sauti mbili husikika upesi. Ya kwanza inataka wanaochochea vita wabanwe kiuchumi mpaka walegee. Ya pili inasema vikwazo huwaumiza wanyonge tu, na dawa ni mazungumzo. Mabishano haya huendeshwa kana kwamba jambo lenyewe ni geni kwetu, wakati kanda hii iliwahi kumfungia jirani yake mipaka kwa miaka miwili na nusu na kumketisha Arusha azungumze na wapinzani wake. Tunajua kilichofuata. Inafaa tukipitie taratibu, maana majibu yake hayako upande mmoja.

Tarehe 25 Julai 1996 Meja Pierre Buyoya alirudi madarakani mjini Bujumbura kwa mapinduzi. Burundi ilikuwa vitani tangu Oktoba 1993, wanajeshi walipomuua Rais Melchior Ndadaye, Mhutu wa kwanza kuchaguliwa na wananchi kuiongoza nchi hiyo. Siku sita baada ya mapinduzi, viongozi wa kanda walikutana Arusha na kukubaliana kuiwekea Burundi vikwazo. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Zaire na Ethiopia zilikuwamo, Zambia ikajiunga. Uamuzi haukutoka New York wala Brussels. Ulitoka kwa majirani wenyewe, na madai yao yaliandikwa kwa maneno ambayo kila mtu aliweza kuyapima: Bunge lirudishwe, vyama vya siasa vifunguliwe, na serikali ianze mazungumzo na pande zote, wakiwamo wenye silaha.

Nguvu ya vikwazo hivyo ilikuwa kwenye ramani. Burundi haina bahari, na wakati huo kahawa ndiyo iliyoleta karibu asilimia 80 ya fedha zake za kigeni. Gunia la kahawa kutoka Ngozi au Kayanza lilishushwa hadi bandari ya Bujumbura, likapakiwa melini, likavuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, kisha Reli ya Kati ikalifikisha Dar es Salaam. Mafuta na bidhaa nyingi za viwandani zilipanda kwa njia hiyohiyo. Na Julai ni mwezi ambao mavuno yanaishia: kahawa imeshatoka shambani, inasubiri kusafirishwa. Ukifunga Kigoma katika majira hayo, umeshika mapato ya nchi ya mwaka mzima.

Matokeo ya kwanza yalikuja haraka. Septemba ya mwaka uleule Buyoya alilirudisha Bunge na kuviruhusu vyama tena, ingawa kwa kuvibana. Mtu asiambiwe kwamba vikwazo hivi havikufanya lolote.

Lakini baada ya hapo mambo yakawa magumu. Mafuta yaliendelea kuingia kwa magendo, na waliokuwa na magari, vibali na urafiki na wakubwa wakatajirika kwa bei ya ulanguzi. Mzigo ukamwangukia mkulima aliyekosa mbolea, mzazi asiye na daftari la mtoto, mgonjwa aliyekuta rafu za zahanati tupu. Vita havikusimama kwa kukosa petroli. Aprili 1997 viongozi wa kanda walilazimika kulegeza kamba na kuruhusu chakula, dawa, vifaa vya shule na pembejeo. Kulegeza huko kulikuwa haki kabisa. Kosa ni kwamba mambo hayo yalifungwa tangu mwanzo, kana kwamba kumnyima mtoto chanjo kungemtisha kanali.

Shinikizo pia lilizaa ukaidi. Agosti 1997 serikali ya Buyoya ilikataa kwenda kwenye mazungumzo yaliyopangwa Arusha, ikidai Tanzania imeegemea upande mmoja na kwamba Mwalimu Nyerere, aliyekuwa msuluhishi, si mtu wa katikati. Wakati huohuo ilikuwa imeshazungumza kwa siri na waasi wa CNDD mjini Roma, chini ya jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio. Yaani aliyekataa meza moja alikuwa amekwisha kuketi kwenye nyingine. Hili si ajabu katika vita vyovyote: mtu aliyebanwa hutafuta mlango ambao hautamwonyesha kwamba amesalimu amri. Msuluhishi mwenye busara huuacha mlango huo wazi, ila huhakikisha unaelekea chumba kilekile.

Juni 1998 serikali na Bunge walipatana ndani ya nchi kuhusu katiba ya mpito, na mwezi huohuo mazungumzo yakafunguliwa Arusha. Januari 1999 kanda ikasimamisha vikwazo. Kwa maoni yangu, hapa ndipo vikwazo vilipomaliza kazi yake: vilimfikisha mtawala mezani. Kumaliza vita ilikuwa kazi nyingine, na vikwazo havikuwa na chombo cha kuifanya.

Sababu ni rahisi kuieleza. Mwezi Mei 1998, wiki chache tu kabla ya Arusha kuanza, CNDD ilipasuka. Leonard Nyangoma akabaki na jina, naye Jean-Bosco Ndayikengurukiye akaondoka na wapiganaji wengi, waliojiita CNDD-FDD. Arusha ilimpokea Nyangoma. FNL, kundi jingine la waasi, nalo lilikuwa limejitenga na chama mama chake, na waliokuwa porini hawakuwapo ukumbini. Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, Nelson Mandela akachukua nafasi yake, akawabana wahusika kwa maneno makali ambayo wengine wasingethubutu kuyatamka. Tarehe 28 Agosti 2000 makubaliano yakatiwa saini mbele ya Rais Bill Clinton. Yaligusa mambo mazito: jeshi ambalo kabila moja lisingezidi nusu, mgawanyo wa madaraka, marejeo ya wakimbizi. Jambo moja halikuwamo, nalo ni usitishaji wa mapigano. Wenye bunduki hawakusaini kwa sababu hawakuwapo, na watu waliendelea kuuawa kwa miaka mingine.

Je, ni nini kilichowaleta FDD mezani? Vikwazo vya 1996 havikuwagusa hata kidogo. Wao walitegemea Kongo, ambako walipigana upande wa serikali ya Kinshasa na kupata huko silaha na maficho. Julai 2002 Kongo na Rwanda zilisaini mkataba mjini Pretoria, majeshi ya kigeni yakaanza kuondoka, na ngome hiyo ya nyuma ikaanza kubomoka. Desemba mwaka uleule kundi la FDD lililoongozwa na Pierre Nkurunziza likasaini usitishaji wa mapigano na serikali. Sisemi hiyo ndiyo sababu pekee. Jeshi na waasi wote walikuwa wamechoka. Lakini shinikizo lililowafikia wapiganaji ni kukauka kwa chanzo chao wenyewe, si kufungwa kwa Kigoma.

Na hata hapo njaa ya risasi isingetosha. Oktoba 2003, tena Pretoria, walipewa kitu cha kurudia nyumbani: asilimia 40 ya nafasi za maofisa katika jeshi jipya, pamoja na viti serikalini. Novemba makubaliano ya jumla yakasainiwa Dar es Salaam. Kijana aliyekaa porini miaka kumi alipata namba ya jeshi na mshahara. FNL waliobaki nje waliendelea kupigana hadi wao pia walipozungumza. Waliweka silaha chini mwaka 2009.

Sasa tuitazame Kongo kwa macho hayo. Mwaka 2012 waasi wa M23 walipoiteka Goma, wafadhili walisimamisha sehemu ya misaada kwa Rwanda, iliyoshutumiwa kuwasaidia, na Novemba 2013 kundi hilo lilishindwa na jeshi la Kongo likisaidiwa na brigedi ya askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Matamko yakasainiwa Nairobi mwezi uliofuata. Kuhusu wapiganaji kurejea na kupata mahali pao, kidogo sana kilitekelezwa, na mwishoni mwa 2021 vita vilianza tena.

Mwaka 2025, Goma na Bukavu zilipoanguka, Marekani ilimwekea vikwazo waziri wa Rwanda James Kabarebe. Machi 17 Umoja wa Ulaya ukawawekea viongozi wa M23, makamanda wa jeshi la Rwanda na kiwanda cha kusafishia dhahabu cha Gasabo kilichoko Kigali. Siku hiyohiyo M23 wakajitoa katika mazungumzo yaliyopangwa kuanza Luanda kesho yake, wakitaja vikwazo hivyo. Na kesho yake Rais Kagame na Rais Tshisekedi wakakutana Doha. Ni Agosti 1997 na Roma tena, kwa kasi zaidi.

Tofauti zinanitia wasiwasi. Burundi ilifungiwa na majirani waliokuwa na meza moja na madai yaliyoandikwa. Leo baadhi ya majirani wamo vitani, na meza zimetawanyika: marais hao wawili walisaini makubaliano Washington tarehe 4 Desemba 2025, mazungumzo ya Kinshasa na M23 yalifanyika Doha, na siku chache baada ya saini hiyo M23 waliingia Uvira. Chanzo nacho kinaonekana wazi. M23 waliishika Rubaya, kwenye migodi ya koltani ya Masisi, mwaka 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba ushuru wa huko uliwaingizia angalau dola 800,000 kwa mwezi. Kuzuia akaunti ya waziri hakulifikii gunia hilo la koltani. Inabidi njia yake ifuatwe, kutoka Rubaya hadi mnunuzi wa mwisho.

Kisha yabaki maswali ambayo Pretoria ilichukua miaka kuyajibu: nani ataongoza kikosi kilichopo Masisi, kwa cheo gani, akilipwa na nani, na wakimbizi waliozaliwa kambini watarudi kwenye shamba lipi. Kinshasa italiona kila jibu kuwa ni zawadi kwa waasi, na ina haki ya kuumia. Bujumbura nayo iliona hivyo mwaka 2003, ikasaini.