Msanii Aliyeweka Nyimbo Zake Rehani

Januari 2022 Warner Chappell, tawi la Warner Music linalosimamia haki za utunzi, lilinunua nyimbo za David Bowie kutoka kwa warithi wake. Bei iliyoripotiwa ilizidi dola milioni 250. Wiki chache kabla, Bruce Springsteen aliiuzia Sony kazi zake kwa kiasi kilichotajwa kuwa karibu dola milioni 500, na mwaka 2020 Bob Dylan naye aliiuzia Universal haki za nyimbo zake. Nyimbo za zamani zimegeuka mali inayogombewa na kampuni za muziki na mifuko ya uwekezaji. Anayetaka kuielewa biashara hii hana budi kurudi kwa Bowie, maana njia aliifyeka yeye robo karne nyuma.

Alizaliwa London mwaka 1947, jina lake David Jones. Umaarufu wa kweli ulimjia mwaka 1972 alipojigeuza Ziggy Stardust, nyota wa kubuni mwenye nywele nyekundu na uso uliopakwa rangi. Hiyo ilikuwa enzi ya roki ya glamu: gitaa zenye kishindo, nguo za kumetameta, viatu vya soli nene, na wanaume waliovaa bila kujali mipaka ya mavazi ya kiume na ya kike. Marc Bolan wa T. Rex alikuwa ametangulia, ila Bowie ndiye aliyeupa mtindo huo hadithi na mhusika. Kisha Julai 1973, jukwaani Hammersmith Odeon, akatangaza mwisho wa Ziggy wakati mhusika huyo anauza kuliko wakati wowote. Mfanyabiashara gani huiondoa sokoni bidhaa inayogombewa? Bowie aliona mbali: anayebaki na thamani ni yule anayeweza kubuni mhusika mwingine.

Fedha, hata hivyo, hazikumfikia kama mashabiki walivyodhani. Meneja wake Tony Defries, kupitia kampuni ya MainMan, aliamini kwamba nyota huzaliwa kwa kuishi kama nyota. Katika ziara ya Marekani ya 1972 msafara ulikaa Beverly Hills Hotel, na bili ikapelekwa kwa kampuni ya rekodi ya RCA. Walipotengana mwaka 1975, Defries aliendelea kuwa na fungu katika mapato ya kazi za miaka yao. Lakini mikataba ile ile iliyomuumiza Bowie ilikuwa na kipengele chenye thamani kubwa: rekodi zenyewe hazikuwa mali ya RCA, ambayo ilipewa tu leseni ya kuziuza. Wanamuziki wengi wa kizazi chake walitia saini na kuacha kila kitu mikononi mwa kampuni. Kwangu, hapo ndipo ulipo msingi wa yote yaliyofuata.

Mwaka 1997 akautumia msingi huo. Pamoja na mtaalamu wa fedha David Pullman, aliweka rehani mapato ya albamu 25 alizorekodi kabla ya 1990, na juu yake zikatolewa hatifungani za dola milioni 55. Riba ilikuwa asilimia 7.9 kwa miaka 10, juu ya ile ya hatifungani za serikali ya Marekani, na kampuni ya bima ya Prudential ilizinunua zote. Bowie alipata fedha taslimu mkononi, akatumia sehemu yake kununua fungu la Defries. Nyimbo hakuziuza. Mirabaha ndiyo iliyolipa deni, na deni likiisha haki zingemrudia.

Kisha soko likatikisika. Napster, huduma ya kubadilishana nyimbo mtandaoni, ilizaliwa mwaka 1999, vijana wakaanza kupakua nyimbo bila kulipa, mauzo ya CD yakaporomoka. Mwaka 2004 Moody's, kampuni ya kupima usalama wa mikopo, ilizishusha hatifungani hizo hadi ngazi moja tu juu ya zile zinazohesabiwa kuwa za kubahatisha. Bowie mwenyewe alishalisema mwaka 2002: muziki utapatikana kama maji ya bomba au umeme. Hata hivyo wawekezaji walilipwa, na mwaka 2007 hatifungani zikamalizika.

Soko la leo limejengwa juu ya hali ile aliyoitabiri. Watu wanaposikiliza muziki kwa kulipa ada ya mwezi, wimbo wa 1972 huingiza fedha kila siku, na mapato yake hukadirika. Hipgnosis, mfuko ulioingia Soko la Hisa la London mwaka 2018, ulinunua nyimbo kwa kasi wakati riba zikiwa chini. Riba zilipopanda, bei ya hisa zake ikashuka, na mwaka 2024 kampuni ya uwekezaji ya Blackstone ikauchukua kwa takriban dola bilioni 1.6. Tofauti na Bowie ni kubwa: yeye alikopa akabaki mwenye mali, ilhali wasanii wengi leo wanauza moja kwa moja.

Bowie alifariki Januari 2016, siku mbili baada ya kutoa albamu ya Blackstar. Miongoni mwa warithi wake ni mjane wake Iman, mwanamitindo mzaliwa wa Mogadishu aliyesoma Chuo Kikuu cha Nairobi. Soko nalo halijapoa. Mwaka 2024 iliripotiwa kuwa Sony imekubali kununua kazi za Queen, kundi la Freddie Mercury wa Unguja, kwa karibu pauni bilioni 1. Bowie na Queen walitunga pamoja Under Pressure, wimbo ulioongoza chati za Uingereza mwaka 1981, na fungu la Bowie katika utunzi huo liko Warner Chappell.