Kulipa Ankara kwa Simu kupitia SACCOS: Wajibu wa Mwanachama na Wajibu wa Chama

Kwa mkazi wa Mashewa, ankara ilikuwa na gharama mbili: ile iliyoandikwa juu yake, na nauli ya kwenda na kurudi Korogwe mjini. Simu imeipunguza gharama ya pili. Baadhi ya vyama vya ushirika wa akiba na mikopo, yaani SACCOS, vimeunganisha mifumo yao ya hesabu na benki au kampuni za simu, hivyo mwanachama huweza kulipia umeme, maji au leseni ya biashara kutoka katika fedha alizoweka chamani. Si kila chama kina huduma hiyo, na kutokuwa nayo si kosa. Makala haya yanawahusu wanachama ambao chama chao kimekwisha kuianzisha, au kinakusudia kuipeleka mbele ya Mkutano Mkuu.

Kwanza ifahamike ni fedha ipi inayoweza kulipia ankara. Mwanachama ana hisa, ana akiba na anaweza kuwa na amana. Hisa ni mtaji wa chama. Hazitolewi kwa ajili ya matumizi ya nyumbani. Akiba ndiyo msingi wa mkopo, na mara nyingi huzuiliwa kama dhamana mpaka deni liishe. Amana ndiyo inayowekwa na kutolewa kwa hiari, na huduma ya malipo kwa kawaida hufungamanishwa nayo. Malalamiko mengi ya kwamba "fedha ninayo lakini simu inakataa" huzaliwa hapa: mwanachama anahesabu akiba yake, mfumo unatazama amana peke yake. Aulize mapema, kabla ya siku ya kukatiwa maji.

Jambo la pili ndilo zito kuliko yote. Katika malipo ya simu, kinachoelekeza fedha ni namba. Tangu mwaka 2017, malipo ya taasisi za Serikali yamekuwa yakiingizwa katika mfumo mmoja wa kielektroniki, na kila ankara hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo wengi wetu tunaiita kontroo namba. Ina tarakimu 12, na huanza na 99. Namba hiyo ina tarehe ya mwisho wa matumizi. Zipo ankara zinazokubali kulipwa kidogo kidogo, na zipo zinazotaka kiasi kamili bila kupungua hata shilingi. Kabla ya kuthibitisha, menyu nyingi huonyesha jina la anayelipwa. Hapo ndipo pa kusimama na kusoma, hata kama nyuma yako kuna mtu anayeisubiri simu hiyo hiyo.

Tuchukue mfano wa LUKU. Mita ina namba ya tarakimu 11. Mwanachama akikosea akaandika namba ya mita ya jirani, fedha itatoka katika amana yake, na tarakimu 20 za umeme zitaletwa katika simu yake mwenyewe. Lakini akiziingiza katika mita yake zitakataliwa, kwa kuwa zimetengenezwa kwa ajili ya mita ya jirani tu. Chama hakikukosea: kilitekeleza agizo kama kilivyolipokea. Linalobaki ni kumpelekea jirani tarakimu hizo na kumwomba arudishe fedha, jambo ambalo kwa jirani mwema huchukua dakika tano, na kwa mwingine huchukua vikao vya wazee.

Kinyume chake, ikiwa mwanachama aliandika namba sahihi, fedha ikakatwa katika amana yake, lakini haikumfikia mlipwaji, mzigo si wake tena. Hapo chama kinapaswa kuifuatilia fedha hiyo kwa benki au kampuni ya simu, na kuirudisha ikiwa malipo hayakukamilika. Ili chama kiweze kufanya hivyo, mwanachama apeleke malalamiko kwa maandishi, yenye tarehe, kiasi na namba ya kumbukumbu ya muamala, na abaki na nakala. Ujumbe wa chama unaosema fedha imetoka haujathibitisha kwamba fedha imefika. Kinachothibitisha ni stakabadhi ya mlipwaji. Asilipe mara ya pili kwa wasiwasi kabla hajaulizia. Na kwa sababu mtandao hukatika, asisubiri siku ya mwisho. Ucheleweshaji uliotokana na kulipa saa ya mwisho ni vigumu kumbebesha mtu mwingine.

Namba ya siri ni ya mtu mmoja. Tunajua kwamba wazee wengi huwapa wajukuu simu wawasaidie kusoma menyu, na hakuna ubaya katika kusaidiwa kusoma. Ubaya unaanza pale mjukuu anapoandika yeye namba ya siri, kwa maana agizo lililotolewa kwa namba hiyo huhesabiwa kuwa ni la mwenye amana. Wakala haihitaji. Meneja wa chama haihitaji. Simu ikipotea, taarifa ipelekwe sehemu mbili siku hiyo hiyo: kwa kampuni ya simu ili laini ifungwe, na kwa chama ili huduma isimamishwe. Saa ya kutoa taarifa iandikwe, kwani masharti ya huduma kama hizi kwa kawaida hutenganisha hasara iliyotokea kabla ya taarifa na iliyotokea baada yake.

Wapo pia matapeli wa ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Ujumbe huo humnasa hasa mtu ambaye kweli alikuwa na fedha ya kutuma. Usijibiwe, utumwe kwenda namba 15040 ya kupokea taarifa za utapeli. Kwa kupiga *106# mwananchi anaweza pia kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha Taifa.

Chama nacho kina deni kwa mwanachama. Kinapaswa kumpa masharti ya huduma kwa maandishi na kwa lugha anayoielewa, na kumjulisha ada kabla hajathibitisha malipo. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, SACCOS inatakiwa kuwa na leseni, na mwanachama ana haki ya kuulizia leseni hiyo. Malalamiko yasiyopata jibu kwa meneja yaende kwa Bodi na Kamati ya Usimamizi, kisha kwa Afisa Ushirika wa Wilaya, ambaye ndiye kiungo na Tume ya Maendeleo ya Ushirika.

Kuhusu tozo za Halmashauri zinazolipwa kwa simu, kila moja hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Hakuna mtumishi, awe wa kijiji, kata au wilaya, mwenye ruhusa ya kumtaka mwananchi atume tozo hiyo katika namba ya simu ya mtu binafsi. Akitakiwa kufanya hivyo, asitume, na atoe taarifa katika ofisi ya Mtendaji wa Kata.